Sura ya 6: Rangi ya Ubao Unaosuguliwa

Mlango uliopakwa rangi vizuri unaweza kukaa nayo miaka kumi. Ubao wa skeitibodi huanza kupoteza rangi ya tumboni siku ile ile unapoburuzwa kwenye ukingo wa saruji, wala aliyeupaka hana kosa. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Mchezaji anaruka, ubao unatua kwa tumbo juu ya reli au ukingo, unateleza, unashuka, na kila mtelezo unaondoka na kipande cha rangi. Mkia nao unasagika kila unapoburuzwa chini kupunguza mwendo. Ndiyo maana, kabla hujafungua kopo, jiulize mambo mawili: rangi itakayokwanguka itakwenda wapi, na ikishakwanguka mbao itabaki na kinga gani?

Nayajibu maswali hayo nikiwa na Dzaleka akilini, kwa sababu pale matatizo yote ya rangi hukutana. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, takribani kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, ikapangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaoishi humo wamepita 50,000, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha sokoni. Barabara za ndani ni udongo mwekundu. Masika huanza Novemba na kuishia Aprili, na miezi inayobaki ni vumbi. Mafundi seremala wapo, vijana wenye mikono myepesi wapo tele, wachoraji wapo. Kinachokosekana ni fedha na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na tangu hapo safari ya kwenda Lilongwe kutafuta kopo la vanishi si jambo la kuamka tu na kupanda basi. Anayetengeneza ubao wake mahali kama hapo anahitaji kununua mara moja, na anunue kilicho sahihi.

Mashariki ya Kongo, nchi walikotoka baadhi ya wakazi hao, wanajua tangu zamani kutengeneza chombo cha magurudumu kwa mti. Chukudu ya Goma, ile baiskeli ya mbao inayobeba magunia ya viazi na makaa mamia ya kilo, huchongwa kwa mikalitusi na miti mingine migumu, na magurudumu yake huvishwa mpira wa matairi ya zamani. Goma waliiheshimu hata wakaisimamishia sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Chukudu nyingi huachwa mti mtupu, na zinadumu, kwa sababu ni gogo zima lililo nene. Ubao wa skeitibodi hauna bahati hiyo. Huo ni tabaka nyembamba za mbao zilizoshikwa na gundi, na adui wa gundi ni maji.

Viwanda vikubwa vya Marekani hutumia tabaka saba za mti wa mepo wa Kanada, mti mgumu usiokunywa maji upesi. Malawi plaiwudi ya kawaida ni ya msonobari, na kubwa katika biashara hiyo ni Raiply, ambayo kiwanda chake kiko Chikangawa kwenye misitu ya Viphya. Msonobari ni laini, hubonyea kwa ukucha, na hufyonza chochote kinachomiminwa juu yake. Hilo linabadilisha mpango mzima wa rangi. Mepo inaweza kusamehe uvivu wa fundi, msonobari hausamehe.

Tena si kila plaiwudi ina gundi moja. Ile ya kutengenezea makabati ya ndani ina gundi inayolainika ikilowa, na ile ya kazi za nje ina gundi inayostahimili. Kwa kawaida gundi ya nje huonekana kama mstari mweusi au wa kahawia iliyokolea kati ya tabaka, lakini macho peke yake hayatoshi. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kiache saa nzima, kisha kikaushe. Kikifumuka, ujue umenunua plaiwudi ya kabati. Bado unaweza kuitumia, ila rangi ndiyo itakuwa mlinzi wake pekee, na aya zinazofuata zinakuhusu zaidi kuliko mwenzako mwenye plaiwudi ya nje.

Watu wengi huanza kupaka tumbo, kwa sababu ndiko picha inakokaa. Mimi ningeanza na kingo. Chukua ubao uliotoka kukatwa, ulete karibu na uso, utazame kwa ubavu. Utaona tabaka zimepishana: moja nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, ya pili nyuzi zimekatwa na zinakutazama kama midomo ya mirija. Mirija hiyo ndiyo iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, na ukiipa maji leo itayapokea vilevile. Dondosha tone moja juu ya uso wa ubao na jingine ubavuni, halafu subiri. La juu litakawia kuzama. La ubavuni litatoweka na kuacha doa. Huko ndiko ubao unakoanza kufa. Maji yanaingia, tabaka moja inavimba, ya pili haivimbi kwa upande ule ule, gundi inavutwa huku na huku, na baada ya mvua mbili tatu pua ya ubao inafunguka kama kitabu.

Kwa hiyo kingo zipigwe msasa hadi ziwe laini, wa namba 80 kwanza, kisha 120, mwisho 220, kisha zinyweshwe vanishi iliyoongezwa thina kidogo ili izame. Itaonekana imepotea. Rudia. Mkono wa tatu au wa nne ndio utakaobaki juu na kung'aa, na hapo utajua mirija imejaa. Usisahau matundu manane ya bolti za ekseli. Kila tundu ni ukuta wa nyuzi zilizokatwa, limejificha chini ya chuma, na maji yakishaingia humo hayatoki upesi. Chovya njiti ya kiberiti kwenye vanishi, izungushe ndani ya kila tundu, ngoja likauke, rudia. Kazi hiyo haichukui hata robo saa, na sijui jambo jingine lenye faida kubwa namna hiyo kwa jasho dogo hivyo.

Sasa tuje kwenye makopo. Dukani, iwe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Area 2 mjini Lilongwe au kibanda cha sokoni, utakutana na jamii chache tu hata kama majina ya makopo ni mengi. Kuna rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha. Kuna rangi ya maji, ya kuta. Kuna vanishi isiyo na rangi. Na kuna rangi za magari, za kupuliza, ama kwenye kopo dogo la kubonyeza ama kwenye bunduki ya upepo ya gereji.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kula hewa. Thina inaruka kwanza, kisha mafuta yaliyobaki yanashikana na oksijeni polepole hadi yawe ngozi ngumu. Ndiyo maana ukiigusa jioni unadhani imekauka, kumbe chini bado ni laini kwa siku kadhaa. Ikikomaa ni imara, inang'aa, na inazuia maji vizuri. Rangi ya maji hukauka kwa njia nyingine: maji yanatoka, na chembe ndogo za plastiki zilizokuwa zikielea ndani yake zinasogeleana na kuyeyukiana. Zinahitaji joto kidogo kufanya hivyo. Asubuhi za Juni na Julai huko Dowa ni baridi kali, na rangi ya maji iliyopakwa alfajiri inaweza kukauka ikiwa unga unga usioshikana. Ngoja jua lipande. Kwa upande mwingine ina jambo kubwa jema: ikikomaa ni nyumbufu. Ubao unapinda kila mchezaji anapotua, na rangi inayopinda nao haipasuki.

Rangi za magari zinavutia kwa mng'ao wake na kwa kukauka upesi. Ile ya zamani ya selulosi hukauka dakika chache, lakini ni kavu na dhaifu. Juu ya bati la gari lisilopinda inakaa, juu ya plaiwudi inapasuka mistari. Ile ya siku hizi ya kuchanganya na kikaushio, makopo mawili yanayomiminwa pamoja, ni ngumu kuliko zote nilizozitaja. Pia ndiyo ninayowakataza vijana waziwazi. Kikaushio chake kina kemikali za isosayaneti, na ukungu wake ukivutwa unaweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Wanaoipuliza kwa usalama wana chumba maalumu na barakoa yenye hewa ya kuletwa kwa mpira. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote.

Wapo pia wanaopaka mafuta. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa kinga nzuri, ila vitambaa vyake vina hatari: vikikunjwa pamoja na kutupwa kona hupata joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Penye nyumba zilizobanana, jambo hilo si dogo. Vitandaze kimoja kimoja nje penye hewa au vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Mafuta ya kula ya karanga hayakauki milele, yanabaki nata na kuokota vumbi, na oili chafu ya gari haina kazi yoyote kwenye kitu kinachoshikwa kwa mikono.

Juu ya mng'ao, wapenzi wa mchezo huu wana ladha zao, na wengi siku hizi wanapenda rangi iliyofifia isiyong'aa. Kwa Dzaleka ningewashauri kinyume. Rangi isiyong'aa ina poda nyingi na gundi kidogo. Uso wake, ukiutazama kwa kioo cha kukuza, una vishimo. Vumbi jekundu linaingia humo na halitoki hata kwa sabuni. Rangi inayong'aa ina gundi nyingi iliyofunga uso wote, hivyo inapanguswa kwa kitambaa chenye maji, inazuia unyevu, na inateleza vizuri zaidi juu ya reli. Kasoro yake ni kwamba inaonyesha kila mkwaruzo wa msasa uliouacha kwa haraka. Basi usiwe na haraka na msasa.

Kuchanganya jamii hizo za rangi kuna sheria, na kuivunja ndiko kunakoharibu mbao nyingi. Vanishi ya mafuta juu ya rangi ya maji iliyokauka kabisa inashika vizuri. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haishiki. Itabanduka kama ngozi ya nyoka, isipokuwa umeikwaruza kwanza kwa msasa. Na rangi ya gari ya selulosi juu ya rangi ya mafuta ni maafa: thina yake kali inalainisha ile ya chini, na ndani ya dakika moja uso wote unakunjana. Ukiwa na shaka, jaribu kwenye kipande kilichobaki ulipokata ubao.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi katika sura hii. Tuseme kijana amemaliza kukata ubao wake, ameona fundi wa milango amebakiwa na rangi ya njano. Atamwambia, "Papa, hiyo iliyobaki nisaidie kidogo nipake ubao wangu." Fundi, kwa moyo mwema, atamimina kwenye kikopo. Rangi ile ya njano inayowaka huenda imepata uzuri wake kutoka kwa kromati ya risasi. Madini ya risasi yametumika kwenye rangi za mafuta kwa vizazi, hasa njano, chungwa, nyekundu na kijani, kwa kuwa yanaipa rangi nguvu na kuikausha upesi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua, na madhara yake hayarudishwi nyuma kwa dawa.

Malawi si mahali ambapo jambo hili ni la kubahatisha. LEEP, shirika lililoanzishwa mwaka 2020 kupambana na sumu ya risasi, lilianzia kazi yake huko. Rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani zilipopimwa, zaidi ya nusu zilikutwa na risasi kupita sehemu 90 kwa kila milioni, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unashauri kisipitwe. Shirika la Viwango la Malawi (MBS) likaanza kuzifuatilia, na viwanda kadhaa vikabadilisha michanganyiko yao. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini makopo ya zamani hayajatoweka kwenye vibanda, na rangi iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina lebo ya kukuambia ilitengenezwa lini.

Mlangoni, rangi yenye risasi inakaa kimya miaka mingi kabla haijaanza kubabuka. Kwenye skeitibodi inageuka vumbi wiki ile ile, katika ukingo wa saruji ambao wadogo zake mchezaji wanaukalia wakila maandazi. Hakuna kitu kingine cha kuchezea ninachokijua ambacho kimeundwa kusaga rangi yake yenyewe namna hiyo mbele ya watoto. Kwa hiyo tumboni, sehemu inayosuguliwa, weka rangi ya maji. Kwa kawaida tatizo la risasi limekuwa kwenye za mafuta. Ukilazimika kutumia rangi ya mafuta, nunua kopo jipya lililofungwa, lililoandikwa waziwazi kuwa halina risasi, na ujiepushe na njano na chungwa za kung'aa ambazo hujui asili yake. Ukipaka upya ubao wa zamani, lowesha msasa kwa maji ili unachokwangua kibaki tope na kisiruke, fanya kazi mbali na mahali unga unapoanikwa, kusanya tope lile kwenye mfuko, nawa mikono kabla ya kula.

Na ubao ukivunjika, usiuingize jikoni. Najua ninamwambia nani maneno haya. Kuni Dzaleka ni za kutafuta kwa shida, na kipande cha plaiwudi kavu kinawaka vizuri. Lakini mbao yenye rangi ikiungua, risasi haiungui. Inapanda na moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu ndiyo yanayosugulia sufuria. Kata pua na mkia ulio salama utengenezee rafu, kigoda, kibao cha kufundishia herufi, chochote kisichoingia motoni.

Gharama si kubwa kama watu wanavyodhani, mkifanya hesabu pamoja. Ubao una upana wa sentimita 20 hivi na urefu wa 80. Upande mmoja ni mita za mraba 0.16. Pande mbili, mikono miwili, jumla haifiki 0.7. Lita moja ya rangi hufunika mita za mraba 10 hivi, maana yake lita moja inatosha mbao 15. Hakuna kijana mmoja anayehitaji lita moja. Kundi la marafiki likichanga na kununua lita ya vanishi nzuri iliyofungwa, na kopo dogo la rangi ya maji nyeupe pamoja na chupa ndogo za rangi za kuchanganyia, wote wamepata vitu vya uhakika na hakuna aliyekimbilia mabaki ya milango.

Ipo hoja kwamba kama picha ya tumboni itakwanguka, kwa nini kuichora? Swali hilo nalipinga kwa moyo wote. Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana walijenga uwanja wa skeitibodi kwa mikono yao mwaka 2006, wa kwanza kujulikana Afrika Mashariki. Nairobi, kituo cha Shangilia kule Kangemi kilipata wake mwaka 2013. Mbao nyingi zilizochezewa huko zilifika kutoka nje zikiwa na michoro ya kampuni za nje. Mbao ikichongwa Dzaleka, mchoro ni wa Dzaleka. Kambi hii ndiyo iliyozaa Tamasha la Tumaini mwaka 2014, lililoasisiwa na Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki wa Kikongo aliyekuwa mkimbizi humo humo, na tangu wakati huo watu wamekuwa wakitoka Lilongwe na mbali zaidi kwenda kambini kusikiliza muziki na kutazama kazi za mikono. Mahali penye wachoraji kiasi hicho, ubao mtupu ni nafasi iliyopotea. Ila mchoraji ajue anachora wapi. Katikati, kati ya ekseli mbili, ndiko kunakosuguliwa zaidi kwenye reli. Mkia husagika chini. Sehemu inayobaki muda mrefu ni ile iliyo nyuma kidogo ya pua na ile iliyozunguka bolti. Uso wa mtu, jina, tarehe, viwekwe huko. Katikati weka mistari mipana au rangi moja, vitu ambavyo vikichanika havionekani vimeharibiwa.

Uso wa juu una mahitaji mengine kabisa, kwa kuwa mguu lazima ushike. Karatasi nyeusi ya madukani yenye chembe za silikoni kabaidi ni nadra kuipata, na msasa wa kawaida wa karatasi unayeyuka kwa mvua ya kwanza. Njia ya mchanga ni bora. Chekecha mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa, kwa chekecheo laini la unga, uchukue chembe zilizolingana. Paka vanishi nzito juu ya ubao, nyunyiza mchanga ukiwa umeinua mkono ili uenee sawasawa, ngoja hadi kesho, geuza ubao na kuupigapiga ili zisizoshika zianguke, kisha paka mkono mmoja mwembamba wa vanishi juu yake. Ule wa mwisho uwe mwembamba kweli, la sivyo utazizamisha chembe na utabaki na kioo chenye madoa. Acha ukanda mtupu wa kidole kimoja kuzunguka kingo, ili mkono unaobeba ubao usichunike.

Halafu ngoja. Vanishi ya mafuta ipe siku saba kamili kivulini penye hewa, ubao ukiwa umeninginizwa kwa uzi uliopitishwa kwenye tundu la bolti, usiegemezwe ukutani ambako utapinda na kushika chokaa. Jaribu kwa ukucha mahali pasipoonekana, pale ekseli itakapofunika. Ukiacha alama, ongeza siku mbili. Usipoacha, funga ekseli, lakini weka kipande chembamba cha mpira wa tairi kati ya chuma na mbao kabla ya kukaza bolti, kisikate vanishi uliyoihangaikia.